Duara la Maji Mezani

Nilinyoosha mstari kutoka Mamboleo hadi Kachola
kwa rula, kabla ya chai ya saa nne.
Kilomita kumi na moja: kwangu, shubiri moja ya karatasi.
Nikauwekea nambari, mifereji, taa, kituo cha maziwa,
maana mimi si adui wa mtu. Nimeona
mgonjwa akibebwa juu ya mlango uliong'olewa bawaba
kwa kuwa gari liligoma kuvuka tope la Aprili.
Barabara ni haki. Hilo sina ubishi nalo, hata leo.

Ghorofa ya juu kulikuwa na faili jingine, la Utamaduni:
chungu cha saruji, kimo mita sita,
kisimame mzungukoni, katikati ya Kisumu,
kipakwe rangi ya udongo,
kiandikwe chini URITHI WETU.
Mafaili mawili, jengo moja.
Hayakuwahi kusalimiana.

Rispa Nyakwaka alifika Alhamisi,
tope la kijivu limemkaukia viatuni,
mtungi kichwani, umejaa, hajamwaga tone
ngazi zote zile (lifti ilikufa tangu Krismasi).
"Nani huku huchora?"
Wakaninyooshea kidole kama mwizi.

Hakupiga kelele. Aliinamia karatasi,
akautafuta mto, akaufuata kwa kidole
kama anayepapasa mshipa wa mtoto mwenye homa,
akakoma pale pale mstari wangu ulipopita.
"Hapa ndipo tunapochimba.
Hapa mama mkwe alinifunza
udongo upi ni wa kupikia, upi wa kupozea maji,
na upi ukiupeleka motoni utakutukana mbele ya watu.
Pengine pote ni mchanga tu. Nyinyi mwapaitaje?"

Nikatazama. Hatukuwa tumepaita chochote.
Kwenye ramani palikuwa peupe.

"Na chungu chenu cha mjini nimekiona. Nimekigonga."
Akagonga meza yangu kwa kifundo cha kidole: ko, ko.
"Hakijibu. Chungu ambacho hakikupita motoni
hakina cha kumwambia mtu."

Nilimweleza bajeti. Nilimweleza fidia.
Nilisema maendeleo, kisha nikalisema tena,
kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa.
Yeye akautua mtungi mezani, juu ya karatasi,
juu ya Kachola yenyewe,
akachota kwa kibuyu: "Unywe kwanza."

Maji yalikuwa na baridi ya kivulini,
na nyuma ya baridi, harufu ya mvua ya kwanza.
Mtungi hutoka jasho; hiyo ndiyo kazi yake.
Alipouinua kwenda zake
ulikuwa umeacha duara la maji,
na ndani yake mstari wangu umevimba,
wino unachuruzika upande upande
kama mto uliokumbuka njia.

Nikashika kalamu kabla halijakauka.
Nikalizungushia.

Ilichukua miezi saba na vikao ambavyo sitavihesabu.
Mhandisi Shitseswa aliliita kovu
hadi siku nilipompeleka, akateleza,
akakaa kitako katikati ya udongo na suruali yake ya Jumatatu,
akacheka mpaka machozi,
akapiga hesabu upya pale pale alipoketi.

Barabara sasa ina kona.
Kona hiyo ilikula mahindi ya shemeji yake Rispa,
naye hajanisamehe; tukikutana hutazama ng'ombe.
Lakini lori linaloleta saruji halirudi mjini tupu:
hubeba mitungi iliyofungwa kwa majani makavu,
na kwenye ramani mpya, chini, penye alama za shule na zahanati,
kuna kiduara kidogo, kando yake maneno mawili:
chimbo la udongo.

Chungu cha saruji kipo bado. Korongo hutua juu yake, hukinyea.
Watu hupigia picha hapo.
Siku nyingine nikipita, nikiwa peke yangu,
hukigonga, ko, ko,
nikasubiri kidogo,
kisha nikaendelea na safari.